Umemwambia Nani? Kutafuta Pa Kupiga Kambi Kwenye Milima ya Uganda

Mara ya kwanza nilipolala kwenye hema juu ya Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, bila kumwuliza mtu, niliamshwa na pua ya ng'ombe. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Ukuta wa hema ulikuwa unasukumwa kidogokidogo, na nje kulikuwa na pumzi nzito kama ya mtu aliyepanda mlima na gunia la viazi. Nilipofungua zipu nikakuta ng'ombe saba, mbwa mmoja na kijana wa miaka kama kumi na mitatu, gambuti miguuni na blanketi begani. Hakukasirika. Alitutazama mimi na mwenzangu, akalitazama hema, kisha akauliza kwa Kiswahili cha huku mpakani na Kenya: "Mmeambia nani?"

Sikuwa na jibu. Mahali pale nilikuwa nimepachagua kwenye simu, kwa picha za satelaiti: kijani, tambarare, hakuna bati linalong'aa karibu. Kumbe ni njia ya mifugo kwenda mtoni, na kiwanja chenyewe kina ndugu watatu wanaokigombania. Mmoja wao alifika kabla chai haijachemka. Tuliomba radhi, tukamimina chai, mambo yakaisha. Lakini swali la yule kijana sijaliacha mpaka leo, kwa sababu nimegundua kwamba mtu anayetaka kulala porini Uganda, mbali na kambi zenye mabafu na baa, anapaswa kuanza nalo. Mengine yote, maji, mteremko, upepo, yanafuata nyuma.

Wazo la kulala popote msituni wengi tumelipata kwenye video za Marekani. Unaingia na gari kwenye msitu wa serikali, unafuata barabara ya vumbi, unaona jivu la zamani la moto, unasimika hema, hulipi kitu. Kule linawezekana kwa sababu misitu ya taifa ni mikubwa mno, na wenye kuisimamia wanaruhusu watu kulala nje ya kambi rasmi, mara nyingi kwa siku zisizozidi 14 mahali pamoja. Norway na Sweden wana la kwao: mila iliyoingia kwenye sheria, inayompa mtu haki ya kupita na kulala usiku mmoja au miwili kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe. Uganda haina hili wala lile. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni mali ya raia, na inataja namna nne za kuimiliki: kimila, mailo (mfumo wa zamani wa Buganda), umiliki huru na ukodishaji. Misitu ya hifadhi, mbuga, mito na maziwa ya asili serikali inavishika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Ukijumlisha yote hayo, hakuna kipande kinachobaki bila mwenyewe. Hata pale unapoona majani matupu na ukungu, kuna mtu, ukoo au ofisi inayopahesabu kuwa pao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua umesimama kwa nani, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu kwa macho msitu ni msitu. Miti ya podo iliyo ndani ya hifadhi ya taifa haina tofauti na podo iliyo nje yake. Lakini wenyewe ni mbalimbali kabisa. Hifadhi za taifa kama Mlima Elgon, Rwenzori, Bwindi na Mgahinga ziko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, ambayo kila mtu anaiita UWA. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, ambayo idadi yake ni 506, iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Kuna misitu midogo ya wilaya. Halafu kuna ardhi ya watu, ambayo milimani mara nyingi ni ya kimila, haina hati, mipaka yake ni mti fulani, jiwe fulani na kumbukumbu ya bibi fulani.

Kwenye hifadhi ya taifa jibu ni fupi: huingii bila kibali, na milimani hutembei wala kulala bila askari wa hifadhi au mwongozaji. Wapo wanaoona ni ukiritimba. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokumbushwa historia. Rwenzori ilifungwa kwa wageni kuanzia 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF. Machi 1999, kambi ya Buhoma pale Bwindi ilivamiwa na watu waliovuka mpaka kutoka Kongo, watalii wanane wakauawa. Baada ya hapo, hema la peke yake msituni halikuwa tena jambo la mapumziko kwa mtu mwenye jukumu la usalama. Bunduki unayoiona begani kwa mwenzako wa safari imetoka huko, pamoja na nyati na tembo.

Kwenye misitu ya NFA watu wanadhani mambo ni legelege kwa sababu hakuna geti. Si kweli. Sheria ile ya 2003 inaitaja kambi waziwazi, kwenye orodha moja na kuchunga mifugo, kulima na kujenga, kuwa ni matumizi yanayohitaji leseni. Jambo la kufurahisha ni kwamba sheria hiyohiyo inamruhusu mwanakijiji wa jirani kuokota kuni kavu na kukata mianzi ya matumizi ya nyumbani, kwa kiasi, bila kulipa. Yaani mama unayekutana naye msituni Echuya na mzigo wa kuni kichwani anaweza kuwa ndani ya haki yake kuliko wewe mwenye hema la bei mbaya. Mwamkie vizuri. Ofisi za misitu milimani ni ndogo, mara nyingine ni msimamizi mmoja na pikipiki, na ukimpata huwa ni mtu mwenye hamu ya kusaidia, maana wengi wanaomtafuta wanataka mbao. Atakuandikia barua, na atakwambia upande upi wakata miti wa usiku wanapita, jambo ambalo huwezi kulipata kwenye ramani yoyote.

Ugumu wenyewe uko kwenye ukingo, pale hifadhi inapokutana na mashamba, na hakuna ukingo mgumu kama wa Elgon. Mlima ule ulikuwa msitu wa hifadhi tangu enzi za Waingereza, ukawa hifadhi ya taifa 1993. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1983, serikali ilitenga hekta 6,000 upande wa Sebei, kaskazini mwa mlima, ili kuwapa makazi Wabenet, watu waliokuwa wakiishi na mifugo yao juu kabisa kwenye nyanda za majani za mlimani. Ugawaji ulienda vibaya, mstari ulipopimwa upya baada ya miaka kumi ukaonekana umepita kiasi, watu wakajikuta tena ndani ya hifadhi, na kesi ikafika Mahakama Kuu Mbale, ambayo mwaka 2005 iliwatambua Wabenet kuwa wenyeji wa kihistoria wa sehemu hizo. Mabishano hayajaisha. Sasa weka simu yako juu ya hadithi hiyo. Ramani itakuonyesha mstari mmoja wa kijani. Ardhini kuna mistari miwili au mitatu, na kila mmoja una watu wanaouapia.

Nilifundishwa kuusoma mpaka kwa mikaratusi. Huko Elgon sehemu nyingi mpaka umepandwa safu ya mikaratusi, na hapa na pale kuna nguzo fupi za zege. Unapopanda kutoka mashamba ya kahawa na migomba, kisha viazi na vitunguu, utaiona safu hiyo imenyooka kama shuka iliyoanikwa, vigogo vyeupe vinavyobanduka magamba. Chini yake ni kwa watu, juu yake ni kwa UWA. Ila utakuta pia visiki tu, au mikaratusi iliyokatwa ikachipua vichaka, au safu mbili zenye viazi katikati. Ukiona visiki, usisimike kitu hapo. Mahali ambapo mpaka umekatwa ni mahali ambapo watu wamegombana, na hema jipya la rangi ya machungwa kila upande utalitafsiri vibaya: askari watadhani ni mvamizi, wanakijiji watadhani ni mpima ardhi. Hilo la pili ni baya zaidi.

Ukishajua ni kwa nani, ndipo unatafuta mahali penyewe. Ndani ya hifadhi ya Elgon hali ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Kambi za njia ya Sasa kutoka Budadiri, za njia ya Sipi kutoka Kapkwai na za njia ya Piswa kutoka Kapkwata si kambi za anasa: ni uwazi wa majani, mto au chemchemi, choo cha shimo, pengine kibanda. Njia ya Sasa ndiyo fupi na yenye mteremko mkali, kwa hiyo ndiyo yenye watu. Piswa ni ndefu na taratibu, na ukitaka usiku usio na sauti ya mtu mwingine, omba hiyo, ukaeleze mapema ofisini kwamba mnataka kuvuka bonde la volkano lililo juu ya mlima, na si kugusa tu Wagagai, kilele cha juu kabisa cha mita 4,321, na kurudi mbio. Askari wengi hupenda. Wamechoka na watu wa mbio.

Ujue pia unapanda tabaka gani, maana kila tabaka lina namna yake ya kukunyima usingizi. Msitu mnene wa chini una joto la kutosha lakini una siafu na upupu. Kabla ya kutandika hema, simama dakika tano mahali pamoja bila kuongea, ukiangalia chini. Siafu wakiwa kwenye msafara utawaona kama kamba nyeusi inayotembea, na hapo unahama bila kubishana. Juu yake inakuja mianzi, karibu na mita 2,500 mpaka 3,000. Mianzi inavutia, chini ni kama zulia, lakini mashina yaliyokufa huegemea wenzao na kuanguka usiku kwa upepo, na ardhi hunywa maji mpaka inakuwa sifongo. Wagisu, wenyeji wa mlima huu, huchuma humo machipukizi wanayoyakausha kwa moshi na kuyaita malewa. Ukipishana na wachumaji, hao ndio ramani yako: wanajua chemchemi zote. Baada ya mianzi unatoka kwenye vichaka vya nyanda za juu, na zaidi ya mita 3,500 unaingia kwenye majani ya mafungu na lobelia refu kuliko mtu. Huko hakuna kuni za kuchezea, vichaka hushika moto kama karatasi, kwa hiyo jiko la gesi si hiari. Baridi hesabu yake ni rahisi: toa takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu unazopanda. Ukilala na shuka Mbale, mji ulio chini ya mlima, kwenye pango la Mude, mita 3,500, utahitaji mfuko wa kulalia wa kweli, soksi mbili na kofia.

Nimetaja pango. Elgon ina mapango mengi, na wachungaji wameyalala vizazi kwa vizazi. Yapo ambayo wapagazi hulala mpaka leo, kavu, wazi, yenye masizi ya moto darini. Lakini pango lenye popo ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg, homa ya virusi inayoua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia pango la chatu kwenye msitu wa Maramagambo. Na 2017 ulifika hapahapa Elgon, wilaya ya Kween, ukaua watu watatu wa familia moja. Virusi hivyo hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Kanuni yangu ni ya pua: ukisimama mlangoni na kusikia harufu kali kama mkojo uliochacha, au ukiona sakafu nyeusi yenye utelezi, geuka. Hata mvua inyeshe.

Na mvua ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe kuhusu tambarare. Mtu wa mjini akiona sehemu iliyolala katikati ya mteremko mkali hufurahi. Mimi huuliza: imelalaje hapo? Kwenye miteremko ya Elgon kule Bududa, Sironko na Bulambuli udongo ni mzito, wa volkano iliyooza, wenye kina kirefu juu ya mwamba. Ukishiba maji unatelezea. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifunikwa, na zaidi ya watu 300 wanakadiriwa kufa. Novemba 2024 maporomoko yakatokea tena, Bulambuli. Sehemu nyingi zinazoonekana kama ngazi ya kukaa juu ya miteremko ile ni udongo ulioshuka zamani ukasimama. Ukitembea juu yake unaweza kuona ufa uliopinda kama mwezi mchanga, miti iliyoinama upande wa mlima, au maji yanayochuruzika mahali ambapo wenyeji wanasema jana hayakuwepo. Msimu wa Machi hadi Mei, na ule wa Septemba hadi Novemba, mimi hulala mgongoni mwa mlima, si kwenye kikombe chake, hata kama mgongoni kuna upepo wa kung'oa vigingi. Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti sina ubishi sana.

Rwenzori, magharibi mwa nchi, ni kinyume. Kule tatizo ni kukosa pakavu. Mabonde ya juu ni madimbwi ya matope yaliyofunikwa majani, unakanyaga unazama hadi goti, na ndiyo maana njia kuu zimewekewa mabanda: Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, Kitandara. Hema unaweza kulisimika karibu nayo, ila mbali nayo utatafuta mpaka usiku. Waliojua siri ya mlima ule ni wawindaji wa Kikonzo, nao hawakutafuta ardhi tambarare, walitafuta jabali lililoinama mbele. Chini ya jabali kuna vumbi kavu wakati dunia yote inavuja. Mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipokuja kupanda vilele mwaka 1906, kambi yake kuu ilikuwa Bujongolo, na Bujongolo ni jabali la namna hiyohiyo. Majabali hayo yapo bado, na wapagazi wanayajua kwa majina. Ukitaka kuyafikia, muulize mpagazi mzee wakati wa chai, na uulize kwa adabu: "Mzee, zamani watu walikuwa wanalala wapi wakipita huku?" Usiulize wawindaji wanalala wapi. Uwindaji ni kosa, askari yuko hapo pembeni anakunywa chai hiyohiyo, na utamtia mzee wa watu matatani.

Kuhusu Karamoja, kaskazini mashariki, nitasema machache. Moroto, Kadam na Napak ni milima mizuri ajabu, misitu yake ni ya NFA, watalii hawapo. Lakini kule wizi wa ng'ombe umeacha jeshi milimani, na operesheni iliyoanza Julai 2021 ilipewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Mwanga wa tochi mlimani saa nne usiku, kwa askari wa doria na kwa mwenye boma, una maana moja tu: wezi wa ng'ombe. Huko mimi hulala bomani au karibu na kituo, nikapanda mchana.

Inabaki ardhi ya watu, ambayo nakiri ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo iliyo karibu na kile watu wanachokitafuta wanaposema kulala porini: hakuna geti, hakuna choo cha kulipia, moto wako mwenyewe. Utaratibu wake hauandikwi popote lakini haubadiliki. Fika mchana, si jioni. Shuka kwenye boda kituoni, ulizia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Atakuandika kwenye daftari, jina na namba ya kitambulisho, na kama kuna shida usiku yeye ndiye atakayepigiwa. Yeye hatoi ardhi, anakujua tu. Atakutajia mwenye kiwanja, na wewe unakwenda mwenyewe nyumbani kwake, unakaa, unasalimia, unakunywa kilicholetwa, ndipo unasema shida yako. Pesa huitaji wewe kwanza, kwa upole, baada ya kuruhusiwa. Sukari na sabuni ni heshima kuliko noti peke yake. Na hapa Kiswahili kina kazi yake: upande wa Kapchorwa na Suam wamefanya biashara na Kitale, ng'ambo ya Kenya, miaka yote, kwa hiyo mlango unafunguka haraka. Kusini, Kisoro na Kabale, ni afadhali uwe na mwenyeji wa kukutafsiria kuliko kung'ang'ania.

Kile kiwanja cha ng'ombe saba nilikirudia mwaka uliofuata. Safari hii nilipita kwa mwenyekiti, kisha kwa mama wa mmoja wa wale ndugu watatu, kwa sababu mwenyekiti alinishauri kwamba ukimwuliza ndugu mmoja utakuwa umewakosea wawili, lakini mama ni wa wote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pale chini siyo, maji hupita usiku mvua ikinyesha, jana yake ng'ombe walizama. Akamwita mjukuu wake anipeleke juu, nyuma ya mti mmoja mkubwa, mahali ambapo kwenye picha ya satelaiti panaonekana kuwa ni kichaka tu. Ndani ya kichaka kulikuwa na uwazi wa hatua sita kwa nane, mawe matatu ya jiko yamekaa tayari, na majani makavu yamekandamizwa na mtu aliyelala hapo kabla yangu.

"Huyu alikuwa nani?" nikamwuliza kijana.

"Mimi," akasema. "Viazi vikiwa karibu kuvunwa nalala hapa."